M Yenye Mguu wa Ziada

Jumapili, 2 Machi

Binti yangu, kitindamimba wangu, kaniletea daftari hili na kalamu mbili, moja ya akiba. Kasema niandike kila siku, chochote kile, hata kama ni kusema tu kwamba jua limewaka, ili mkono ulainike. Mkono wangu una kazi. Duka jipya wanalofungua na mumewe litawekwa bango la taa, herufi za bati zinazowaka kwa ndani, moja moja, Mikate ya Mama, na herufi zenyewe zitachongwa kufuata maandishi yangu. Nilimwuliza kama ananitania. Mimi niliishia darasa la nne. Akasema, "Ndiyo uzuri wake, Mama. Watu wamechoka na herufi za kompyuta."

Leo jua limewaka.

Jumatatu, 3 Machi

Nimeoka, nimeuza, nimechoka. Mkono bado mgumu.

Jumatano, 5 Machi

Tumekwenda kwa fundi wa mabango, mimi, binti yangu na mkwe wangu. Fundi wanamwita Cheche kwa sababu ya kuchomelea, na kweli shati lake lina matundu kama chujio. Karakana yake imejaa herufi zimesimamishwa ukutani, nyingine zimekosa uso, waya zinaning'inia kama matumbo. Nilipita katikati yao nimejikunyata, naogopa kurushwa na umeme, mpaka Cheche akaniambia hazijaunganishwa popote.

Akatandika karatasi ya kaki juu ya meza na kunipa kalamu nene kama kidole gumba. Nikaandika. Nikaandika tena. Ulimi ulikuwa nje kama wa mtoto wa darasa la kwanza, mkwe kanichekea. Mwisho wakachagua moja, ambayo mimi niliiona imepinda kuliko zote.

Hapo ndipo nilipojua jambo. M yangu ina mguu wa ziada. Nimeiandika hivyo tangu utoto na hakuna aliyewahi kuniambia kitu, maana walionizunguka wengi hawakuwa wakiandika M ya aina yoyote. Cheche alihesabu miguu kwa ncha ya bisibisi, akacheka. "Mama, hii haihitaji kubebwa. Itatembea yenyewe mpaka dukani."

Nikasema tuirekebishe. Mkwe akakataa, akasema hiyo ndiyo saini yangu, mtu akiiona mara moja haisahau. Binti yangu alikuwa akitazama simu.

Ijumaa, 7 Machi

Sikulala vizuri. Herufi zinakaa nje, mvua zinakuja, umeme na maji ni maadui. Nimempelekea Cheche mkate ili nipate pa kuanzia kumwuliza. Kanieleza kwamba umeme wa ndani ya herufi ni mdogo, kama wa tochi, na kila herufi itatobolewa mashimo chini ili maji yakiingia yatoke. Anayaita mashimo ya kukojolea. Nimerudi nyumbani nimepoa kidogo.

Jumanne, 11 Machi

Mvua ya kwanza. Kuni zimelowa.

Jumamosi, 15 Machi

Leo mkwe amekuja uani kuzungumza habari za tanuri. Tanuri hili alilijenga marehemu mume wangu kwa mikono yake, na humo ndimo watoto wangu walimotoka, kama unaelewa ninavyosema. Duka jipya lina tanuri la umeme na mwokaji aliyesomea. Mkwe anaona ni vyema la uani lizimwe siku ya kufungua, wateja wote waelekezwe kule barabarani. Nikamwuliza, na mimi? Kabla hajajibu binti yangu akadakia, "Wewe utakaa mbele, Mama. Kwenye kaunta, chini ya jina lako. Mtu akiingia akuone wewe kwanza."

Basi nikakubali. Sihitaji kingine. Nilioka mikate kwenye moshi mpaka macho yakawa mekundu, sasa nikae mahali pakavu, watu wanaponunua wajue mkono ni wa nani.

Jirani yangu wa ukuta mmoja, shoga yangu wa tangu zamani, kasikia kila kitu juu ya ukuta. "Mwaka huu utawaka, mwenzangu. Sisi wengine tutaendelea na vibatari vyetu."

Jumanne, 18 Machi

Kwa Cheche tena. Maandishi yangu ni membamba mno, taa hazitaingia. Zile taa ni punje ndogo kwenye utepe, lakini utepe unataka nafasi, hivyo kila mstari wa herufi lazima upate upana wa vidole vitatu. Akaninenepesha kwenye kompyuta nikiwa natazama. Nikamwambia hata mimi baada ya mzaliwa wangu wa kwanza ilikuwa hivyohivyo.

Halafu herufi zangu zimeshikana mikono na yeye anataka kila moja isimame peke yake. Akazikata. Halafu kona ya k ni kali, bati haliwezi kukunjwa pale bila kupasuka, akaiviringa. Kila nikienda kuna kitu changu kimepunguzwa au kimeongezwa. Lakini nikirudi nyuma hadi mlangoni na kutazama kwa mbali, bado ninajiona.

Jumamosi, 22 Machi

Tatizo ni M. Miguu imebanana, taa zikiwaka zitachanganyika na M itaonekana kama ukuta. Cheche kasema ama tung'oe mguu mmoja, ama tuitanue. Mimi nikasema ng'oa, mguu wenyewe si wa halali. Mkwe akachukua penseli akaichora upya, pana, kila mguu na nafasi yake. "Bango litarefuka," Cheche akaonya. Mkwe akasema ukuta wa duka ni mkubwa, kaupima mwenyewe.

Nilikuwa simpendi sana huyu kijana, nakiri. Anaongea haraka na viatu vyake haviingii vumbi. Leo nimemkatia kipande cha mkate cha ukoko, anachokipenda.

Jumapili, 23 Machi

Mvua kutwa.

Jumamosi, 29 Machi

Nataka kuandika leo vizuri nisisahau.

Cheche alianza na neno Mama kwa kuwa ndilo gumu, na limekamilika. Alinipigia simu niende nikaone kabla hajafungasha. Nilikwenda peke yangu. Binti yangu miguu imemvimba, mimba inamlemea, na mkwe alikuwa na mafundi wa geti. Cheche akafunga madirisha ya karakana mchana ule ili pawe na giza, akanisimamisha katikati, akasema nisipepese.

Likawaka.

Mama. Ile a ya mwisho yenye mkia unaoshuka, kama ninavyoiandika nikiwa na haraka. Ile M na miguu yake yote, mipana, imetulia. Nuru yake si nyeupe ya hospitali, ina manjano kidogo, kama mkate ulioiva. Mikono yangu ilikuwa inang'aa. Nililia, na Cheche akajifanya anatafuta koleo.

Kasema Mikate itafuata wiki ijayo.

Jumatano, 2 Aprili

Balaa. Geti la duka ni lile la bati linalojikunja kwenda juu, na linapojikunja linaingia ndani ya boksi kubwa juu ya mlango. Mkwe alipima ukuta kabla boksi halijafungwa. Sasa boksi limekula nusu ya nafasi. Mistari miwili tuliyopanga haikai tena. Mstari mmoja unakaa, lakini kwa ile M iliyotanuliwa tutaishia juu ya duka la dawa la jirani.

Mkwe alisimama barabarani amejishika kichwa, mvua inamnyeshea, viatu vimeloa. Nilimwonea huruma. Nikamwambia, mwanangu, si neno, nipunguzeni. Akasema, "Hapana, Mama. Nitaona."

Ijumaa, 4 Aprili

Nimemwuliza binti yangu kama bango limefikia wapi. Kasema linashughulikiwa.

Jumapili, 6 Aprili

Linashughulikiwa. Mvua.

Jumanne, 8 Aprili

Linashughulikiwa. Leo binti yangu hakunitazama usoni alipolisema. Anasema ni mgongo.

Alhamisi, 10 Aprili

Nimekwenda karakana na mkate, bila kuambiwa na mtu.

Cheche aliponiona akaanza kuongea mambo ya mvua. Mvua, mvua, mafuriko ya kule chini, bei za bati. Nikamwacha aongee huku macho yangu yanatafuta. Mezani palikuwa na herufi mpya, zimenyooka kama askari, bado zina karatasi ya kuzikinga. Nikazisoma polepole. MIKATE BORA. Kubwa zote, za kompyuta.

"Na langu?" nikamwuliza.

Akaonyesha kwa kidevu. Lilikuwa sakafuni nyuma ya mlango, limelala chali, na juu ya M kulikuwa na makopo mawili ya rangi.

Nikayaondoa makopo mwenyewe. Nikafuta uso wake kwa khanga. Cheche akasema kwa sauti ya chini kwamba yeye ni mtu wa kutumwa, mteja akibadili mchoro yeye hubadili bati. Kwamba aliwapa njia: kupunguza herufi zote kidogo, kuzishusha chini ya boksi, zingekaa, M na yote. Hawakuzitaka. Akaniomba radhi kama vile ni yeye. Nikamwachia mkate, kwa sababu kurudi nao ingekuwa aibu zaidi.

Njiani nilikuwa nasema peke yangu kama kichaa. Nilijua. Tangu mwanzo nilijua. Yule kijana mwenye viatu. Aliniimbia saini, saini, kumbe alikuwa ananivuta tu mpaka nizime tanuri. Alikwenda kupima ukuta vibaya makusudi. Kamteka mtoto wangu, sasa anafuta hata alipotoka.

Mvua imenipiga mpaka mlangoni na sikuihisi.

Ijumaa, 11 Aprili

Mkwe alikuja. Nilisema kichwa kinauma.

Jumamosi, 12 Aprili

Mkwe alikuja na dawa ya kichwa. Nilimwambia aiweke dirishani. Ukoko nimempa jirani.

Jumapili, 13 Aprili

Jirani kaniuliza mbona siwaki. Nikacheka naye. Nilipoingia ndani nikakaa juu ya gunia la unga mpaka giza likaingia.

Jumanne, 15 Aprili

Nilikwenda kwao kumkanda binti yangu miguu. Hasira niliyo nayo ni kwa mume, si kwake, nilijiambia, na miguu ile ina mjukuu wangu juu yake. Nilifika mlango uko wazi. Walikuwa chumbani wanabishana, na nilitaka kukohoa, lakini nikasikia mkwe anasema, "Mwambie wewe. Mimi ananichukia bure, na sitaki kuendelea kubeba hili."

Nikakohoa.

Mkwe akatoka, akanisalimia shikamoo akitazama chini, akaenda kukaa barazani. Nikaingia. Nikamkalisha binti yangu kitandani, nikaweka miguu yake kwenye mapaja yangu, nikaanza kukanda kwa mafuta. Miguu imejaa maji, ukibonyeza kidole kinaacha shimo.

Kisha akasema, "Ni mimi, Mama. Si yeye."

Nikaendelea kukanda.

Akaeleza kwamba wazo lilikuwa la mumewe, mambo ya maandishi yangu, na yeye alikubali kwa kuwa ilionekana vizuri kulisema. Alidhani Cheche akishanenepesha na kukata na kunyoosha, yatatoka kama maandishi ya mtu yeyote. Lakini kila yalivyobadilishwa yalizidi kuwa yangu. Siku aliyotumiwa picha ya Mama inawaka, alitamani lisitundikwe. Boksi la geti lilipokula ukuta, alishukuru Mungu.

Nikamwuliza alihisi nini hasa.

Akaniambia habari ambayo sikuwahi kuisikia. Alipoanza shule mimi ndiye niliyemfundisha kuandika, pale uani, kwa kijiti kwenye majivu. Akaenda darasani na M yangu. Mwalimu akamsimamisha mbele, akamwambia aiandike ubaoni, darasa zima likahesabu miguu kwa sauti. Mwaka ule wote walimwita Jongoo. Akarudi nyumbani akaninyamazia, akajifundisha M nyingine.

"Watu wakiona yale maandishi, Mama, watajua."

"Watajua nini?"

Akalia, na mimi nikamfuta kwa upindo wa khanga, kwa sababu ni mwanangu na ana mimba na kulia kunampandisha presha. Nikamwambia nyamaza, si neno. Nikamkanda mguu wa pili.

Nikitoka nilimkuta mkwe barazani. Nilitaka kumwomba radhi. Nikamgusa bega. Akasimama, akaniambia, "Nilikataa, Mama. Mpaka nikachoka." Nikamwambia najua, na kwamba ukoko wake nitaurudisha.

Hapa kwenye daftari sina wa kumfuta machozi, basi niseme. Kosa hili lingekuwa la yule kijana ningelibeba. Mtu wa kuja humwekea akiba ya chuki tangu siku anapoleta posa. Kwa huyu binti yangu sikuwa nimeweka kitu.

Jumatano, 16 Aprili

Sikuandika M yoyote leo isipokuwa hii.

Jumamosi, 26 Aprili

Duka limefunguliwa. Mvua ilipumzika kidogo kama imeombwa. MIKATE BORA ikawashwa saa ya jioni, watu wakapiga makofi. Ni nzuri. Sitasema uongo, ni nzuri, imenyooka, inasomeka kutoka kituoni. Cheche alikuwa juu ya ngazi, aliponiona akajishughulisha na waya uliokuwa hauna shida.

Kaunta wamemweka msichana mwenye sare na kofia. Mimi nimepewa kiti kizuri chenye mto, nyuma, karibu na friji, na maboksi ya kukunja nikipenda, nisichoke. Mgeni mmoja wa heshima aliniulizia, binti yangu akamwambia, "Huyu ni mama yangu, alikuwa akiuza mikate nyumbani zamani." Zamani ni wiki iliyopita. Yule mgeni akanipa mkono, nikampa boksi.

Jioni niliporudi nililishika tanuri. Lilikuwa baridi. Kwa miaka yote hii sikuwahi kulishika likiwa baridi. Matofali yake ni laini, sikuwa najua.

Jumapili, 4 Mei

Nimekunja maboksi.

Jumanne, 6 Mei

Maboksi. Mteja wa zamani wa uani aliingia, akaonja, akasema mkate umekuwa mwepesi. Nilifurahi mno nikajionea haya.

Jumatatu, 12 Mei

Cheche kapita dukani kuangalia kama herufi zinatoa maji. Nikamfuata nje. Nilikuwa nimejipanga kumwomba aniuzie lile neno nikaliweke hata juu ya tanuri, liwake uani, kuku walione. Akajikuna shingo. Kuna mtu kalichukua tangu mwezi uliopita. Mwenye duka jipya upande wa pili wa soko. Alikuja kuagiza bango, akaliona sakafuni, akasema hilohilo, usiguse chochote.

Nikamwuliza ni duka la nini. Akasema nguo za watoto wachanga.

Jumapili, 18 Mei

Mvua zinaelekea ukingoni. Nimeumwa kiuno. Sijaenda popote.

Ijumaa, 23 Mei

Nimekwenda.

Nilijidanganya kwamba nakwenda kununua chumvi. Nilifika magharibi, taa za barabarani hazijawaka bado, na kwa mbali, juu ya vichwa vya watu, nikajiona. Mama. Peke yake, bila kitu mbele wala nyuma, juu ya mlango mpana. Ukuta ulikuwa na nafasi hata ikabaki. Ile nuru ya mkate ulioiva imemwagika kwenye matope yote ya barabara.

Nilisimama ng'ambo. Wasichana wawili walikuwa wanapigana picha chini yake. Mmoja akanyoosha kidole akahesabu miguu, na mimi nikangoja wacheke. Akasema, "Ona, kama imeandikwa na mama kweli." Wakaenda zao.

Nikaingia. Mwenye duka ni mama wa makamo, mchangamfu, akanikaribisha na kunivutia kigoda, akaniita dada. Nikasifia bango lake. Akasema kila mtu analisifia, wengine huingia kwa sababu ya hilo tu. Alimwuliza fundi nani aliliandika, fundi akasema ni mzee mmoja, hakumbuki.

Nilifungua mdomo. Wallahi nilifungua. Kisha nikaona nitaonekana nini, mwanamke mwenye matope miguuni, anadai M. Nikamwuliza kama ana kofia za mtoto mchanga.

Nilinunua moja ya rangi ya maziwa, yenye masikio.

Jumamosi, 24 Mei

Nimempa binti yangu kofia, kule nyuma karibu na friji. Alifurahi, akaiweka juu ya tumbo lake kumpima aliye ndani, tukacheka wote. Siku nyingi hatujacheka.

Kisha akageuza mfuko wa karatasi. Sikuwa nimeutazama, nakula kiapo. Yule mwenye duka kaupiga chapa bango lake, Mama, dogo, jekundu, na miguu yote.

Aliutazama mfuko. Akanitazama. Nje MIKATE BORA ilikuwa inanguruma kidogo, kuna taa moja haijakaa sawa. Nilidhani atasema. Nilimpa muda wa kusema, nikachukua boksi nikalikunja, nikachukua jingine.

Akaukunja ule mfuko, chapa ikiwa ndani, akaukunja tena ukawa mdogo, akausukuma chini ya maboksi yangu. Akaniuliza kama duka lile lina soksi zake pia.

Nikamwambia zipo. Nitarudi kesho kumchukulia, jioni, taa zikishawaka.